Kabla ya Kugombania Feni, Tazameni Bati

Mwezi huu naomba tuongee habari za joto. Siyo lile joto la mahaba ambalo kurasa hizi zimelizoea, la hasha. Nazungumzia joto lenyewe, lile linalokuamsha saa nane usiku shuka limelowa jasho, mwenzako amekupa mgongo, na feni inawapulizia hewa kama ya jikoni.

Hapa kwetu Morogoro, Mji Kasoro Bahari, joto hubisha hodi Oktoba na haliagi mpaka mvua za masika zikolee Machi. Desemba, Januari na Februari ndiyo kilele chake, na mchana wa nyuzi 32 au 33 kivulini ni jambo la kawaida. Kinachoudhi ni kwamba ukiinua macho tu, Milima ya Uluguru hiyo hapo, imejifunika mawingu yake. Kilele cha Lupanga kinachotuangalia mjini kina urefu wa mita 2,138, na mji wenyewe uko kwenye mita kama 500 hivi. Kwa kawaida kila ukipanda mita 1,000, hewa hupoa kwa nyuzi kama 6. Kwa hiyo wakati wewe unajipepea na gazeti pale Msamvu, juu kule kuna ubaridi wa nyuzi karibu 10 pungufu ya hapa chini. Tunaiona baridi kwa macho lakini tunalala kwenye tanuri. Mlima una msaada wake kwetu, na nitaueleza, lakini kwanza tuanze na ugomvi.

Ugomvi wa saa nane usiku

Kuna wanandoa fulani ninaowafahamu, wote wawili wafanyakazi, na wana mtoto wa miezi saba. Walipochoka kulipa kodi ya miezi sita sita, wakajibana, wakahamia kwenye nyumba yao kule Kihonda. Nyumba haijaisha, si mnajua mambo yetu? Bati limeezekwa, madirisha yapo, chumbani kumepigwa lipu, dari bado. Unahamia kwanza, mengine yatakuja taratibu.

Oktoba ilipoingia, mambo yakaanza. Baba anataka feni imwelekee yeye, mama hataki impulize mtoto. Mama anataka dirisha liwe wazi, baba anaogopa vibaka. Mtoto ametoka vipele vya joto, analia usiku kucha. Kufikia Desemba baba akawa analala sebuleni kwenye kochi, na asubuhi wanaenda kazini wote wamenuna. Ndipo baba akaja na wazo lake: tukope SACCOS ya kazini, tununue kiyoyozi. Mama akasema hela hiyo hiyo iweke dari. Basi, hapo hapakukalika tena. Huyu anasema mwenzake hajali usingizi wake, na huyu anasema mwenzake haambiliki.

Mimi siyo fundi wala daktari, ila nimeuliza mafundi na nimesoma, na walipokuja kwangu niliwaambia hivi: jamani, mnayegombana naye hayupo kwenye kitanda hiki. Yuko juu ya vichwa vyenu.

Jua letu ni la utosini

Morogoro ipo karibu nyuzi 7 kusini mwa Ikweta. Maana yake ni kwamba mara mbili kwa mwaka, kama tarehe 10 Oktoba hivi na tena mwanzoni mwa Machi, jua la saa sita linasimama juu ya utosi wako kabisa. Katikati ya tarehe hizo linainamia kusini kidogo tu. Kwa hiyo katika msimu wote wa joto, sehemu ya nyumba inayopigwa na jua kuliko zote ni paa, siyo ukuta. Bati lililoanikwa kwenye jua la mchana linaweza kupita nyuzi 60. Na kwa kuwa bati ni jembamba, joto hilo halikai juu. Linashuka moja kwa moja kwenye kitanda, kwenye kabati, na kwenye kichwa cha mtoto.

Wazee wetu wa Kiluguru waliokaa nyumba za udongo na nyasi hawakuwa na shida hii. Nyasi nene zinashika hewa katikati yake, na hewa iliyotulia haipitishi joto haraka. Hata Zanzibar, kwenye nyumba za zamani za Mji Mkongwe, kuta nene za mawe zinachelewesha joto la mchana lisiingie ndani mapema. Sisemi turudi kwenye nyasi. Bati halivuji, haliungui kirahisi, na linadumu. Ila ukichukua bati ukaacha ile hewa iliyokuwa kwenye nyasi, umechukua nusu ya nyumba. Kazi ya dari ni kukurudishia hiyo nusu nyingine.

Na msidhani haya ni mambo ya kustarehe tu. Agosti 2003 wimbi la joto liliikumba Ufaransa na watu karibu 15,000 wakapoteza maisha, wengi wao wazee. Uchunguzi uliofanyika baadaye ulionyesha kwamba kulala ghorofa ya juu kabisa, chini ya paa, kulimwongezea mtu hatari. Kule India nako, mji wa Ahmedabad ulipoteza watu zaidi ya 1,000 kwa joto la Mei 2010. Mwaka 2013 wakaanzisha mpango wa mji wa kukabiliana na joto, na tangu 2017 wamekuwa wakihimiza mapaa ya watu wa kipato cha chini yapakwe rangi nyeupe. Wao pia walianzia juu.

Mambo ya kufanya juu

Ukiwa unajenga au unamalizia nyumba, dari ya chumba cha kulala itangulie seti ya makochi. Iwe siling bodi, iwe jipsamu, iwe mbao, kinachotafutwa ni ile nafasi ya hewa kati ya bati na wewe. Mwambie fundi aache matundu ya hewa pande mbili za paa, ili hewa ya moto iliyojaa mle juu ipate pa kutokea. Matundu yazibwe kwa wavu, maana popo wa Morogoro mnawajua wenyewe, hawasubiri kukaribishwa. Mwenye uwezo zaidi aweke chini ya bati ile karatasi inayong'aa kama fedha. Inazuia joto la bati lisimiminike kwenye dari.

Halafu rangi. Siku hizi kila mtu anataka bati la Msauzi la rangi ya kijivu cha giza, damu ya mzee au nyeusi kabisa, kwa sababu linapendeza kwenye picha. Linapendeza kweli, lakini rangi ya giza inakunywa jua na rangi nyeupe inalirudisha lilikotoka. Kama bado hamjanunua, chagueni rangi ya mwanga. Kama bati la zamani limeshapauka na kushika kutu, lisugueni, mlipake rangi nyeupe ya bati. Hiyo ni kazi ya siku mbili na fundi mmoja.

Upenu wa paa nao usiuchezee. Kwa jua letu la Desemba, bati lililotokeza sentimita 60 nje ya ukuta wa kusini linaweza kuutia kivuli ukuta huo karibu mita 2 kushuka chini, saa sita mchana. Wenye shida ni ukuta wa mashariki na ule wa magharibi, kwa sababu huko jua linakuja kwa chini, upenu hausaidii sana. Ndiyo maana mafundi wazoefu hupenda nyumba iweke ubavu wake mrefu kaskazini na kusini. Kama chumba chenu kimeangalia magharibi, msishangae kikiwa cha moto kuliko vyote saa moja jioni, ukuta umekuwa ukioka tangu saa tisa.

Mlima hufanya kazi usiku

Sasa nirudi kwenye msaada wa mlima. Mchana jua likipasha miteremko, hewa hupanda kuelekea mlimani. Usiku mambo yanageuka: miteremko inapoa upesi, hewa iliyoigusa inakuwa nzito, inateremka taratibu kuja mjini. Wanaokaa Bigwa, Kilakala, Boma na kule Forest wanaijua hewa hii, ndiyo inayowafanya wavute shuka alfajiri. Hata ukiwa mbali kidogo na mlima, hewa ya nje saa nne usiku huwa imeshapoa kuliko ya ndani.

Kwa hiyo nyumba ifunge mchana, ifungue usiku. Wengi tunafanya kinyume. Asubuhi tunaacha kila kitu wazi, jua na hewa ya moto vinaingia, halafu saa mbili usiku tunafunga kila kitu na kujifungia na joto letu wenyewe. Ukitoka kwenda kazini, shusha mapazia upande wa jua, hasa yenye kitambaa cheupe mgongoni. Jioni, hewa ya nje ikishapoa, fungua madirisha ya pande mbili zinazotazamana na milango ya ndani iliyo katikati. Dirisha moja peke yake halitoshi, hewa iliyoingia lazima iwe na pa kutokea.

Najua mtaniambia habari ya mbu na vibaka, na ni kweli. Lakini nondo za dirisha na wavu wa mbu ni rahisi kuliko kiyoyozi, na vinafanya kazi hata umeme ukikatika. Ule wavu usafisheni jamani! Vumbi la kiangazi linaziba vile vitundu mpaka hewa haipiti, halafu mtu analalamika upepo umepotea. Na kwa mnaojenga, yale madirisha ya alumini ya kuslaidi yanafunguka nusu tu, kioo kimoja kinajificha nyuma ya mwenzake. Dirisha la kufunguka lote, au hata zile luva za vioo za nyumba za zamani za serikali, linaingiza hewa zaidi.

Chandarua kisitolewe kwa sababu ya joto. Huo ndio udhuru ambao watu wengi huutoa, na malaria haisikilizi udhuru. Chandarua cha pembe nne kikitanuliwa vizuri hadi kwenye kona hupitisha hewa kuliko kile kilichowaangukia usoni. Feni ikae karibu, ipulize kupitia chandarua.

Hesabu ya feni na kiyoyozi

Feni haipoozi hewa. Inachofanya ni kukausha jasho lako, na jasho likikauka ndipo wewe unapopoa. Kwa hiyo kuacha feni inazunguka kwenye chumba kisicho na mtu ni kuchoma LUKU bure. Shirika la Afya Duniani linashauri pia feni isitegemewe pale hewa inapopita nyuzi 40, maana hapo inakupulizia moto. Nje ya nyumba za Morogoro nyuzi 40 si jambo la kawaida, lakini chumba kisicho na dari, saa tisa alasiri, kinaweza kusogelea huko.

Usiku kuna mbinu moja nzuri. Hewa ya nje ikishakuwa baridi kuliko ya ndani, weka feni karibu na dirisha la upande wenye hewa nzuri, iipulize ndani, na dirisha la upande wa pili liwe wazi. Baada ya nusu saa hivi mtaona tofauti.

Sasa hesabu yenyewe. Feni ya kawaida inakula wati 50 hadi 75, yaani usiku wa saa 8 ni karibu nusu uniti. Kiyoyozi kidogo cha BTU 9,000 cha kawaida kinakula karibu uniti 1 kwa kila saa ambayo kompresa inafanya kazi. Tuseme inapumzika pumzika, mnapata uniti 4 hadi 7 kwa usiku mmoja. Kwa mwezi hizo ni uniti 120 hadi 210. Kwa wale walio kwenye bei ya matumizi madogo ya TANESCO, ambayo mwisho wake ni uniti 75 kwa mwezi, hicho kiyoyozi peke yake kimeshawatoa. Na hapo ndani kuna dari. Bila dari, mnapoozea bati na hewa inayotokea kwenye mianya ya paa.

Simkatazi mtu kiyoyozi. Kuna nyumba zina mgonjwa, kuna mji kama Dar ambako usiku wenyewe ni jasho tupu. Lakini kiwe cha mwisho kwenye orodha. Chumba chenye dari, kivuli na dirisha lisilovuja hewa kinaweza kutosheka na mashine ndogo, na ikawashwa kwa saa chache.

Nyumba ya kupanga nayo?

Wengi wenu mmepanga, na mwenye nyumba hataki kusikia habari ya dari. Yapo ya kufanya bila kumwomba ruhusa. Pazia la mwanzi au turubai jepesi likining'inizwa nje ya dirisha la magharibi hufanya kazi kuliko pazia la ndani, kwa sababu jua limezuiwa kabla halijagusa kioo. Mpesheni au mdodoki ukipandwa kwenye ndoo kubwa na kutambaa kwenye kamba, ndani ya miezi michache unapata kivuli, na juisi juu yake. Kitanda kisigusane na ukuta unaopigwa na jua la jioni.

Punguzeni pia moto mnaouwasha wenyewe. Maharage yachemshwe alfajiri, siyo saa kumi na mbili jioni. Balbu za zamani zenye mwanga wa njano zibadilishwe. Friji lisibanwe ukutani, maana mgongo wake unatoa joto usiku na mchana. Na mtungi wa bibi msiudharau: maji yanayotoka jasho kwenye udongo wake hukauka na kuyapooza yaliyobaki ndani, bila uniti hata moja. Kanuni ndiyo hiyo hiyo ya khanga mbichi inayotundikwa dirishani. Inasaidia sana hewa ikiwa kavu. Siku za mvuke mwingi kabla ya mvua iacheni, itawaongezea unyevu tu.

Wenye kiwanja chao, pandeni mti upande wa magharibi. Mwembe, mfenesi au mwarobaini, mita kadhaa kutoka ukutani na mbali na shimo la maji machafu. Miashoki iliyosimama kama askari getini inapendeza, lakini kivuli chake ni chembamba. Na msimwage zege uwanja mzima. Uwanja wenye nyasi hupoa mapema kuliko uliosakafiwa, ambao hubaki unafukuta baada ya jua kuzama.

Tukirudi chumbani

Mwili wa mtu ukitaka kulala hujishusha joto kidogo. Chumba kikiwa cha moto unashindwa, unageuka geuka, unaamka umechoka na hasira zipo mdomoni. Halafu miili haifanani. Mama mjamzito au anayenyonyesha anaweza kusikia joto ambalo wewe hulisikii, na mwingine anatetemeka kwa feni ya namba moja. Kwa hiyo mwenzako akikwambia anaungua, mwamini. Asiambiwe anajidekeza. Kuoga maji ya vuguvugu kabla ya kulala, shuka la pamba, na kila mtu kuwa na shuka lake, vimeokoa ndoa nyingi kuliko mnavyofikiri.

Angalizo la kiafya pia. Watoto wachanga na wazee wapewe jicho la pekee. Mtoto aliye chini ya miezi sita anyonyeshwe mara nyingi zaidi, asivalishwe sweta eti upepo mbaya. Mtu mwili ukiwa wa moto sana, akachanganyikiwa au kuzimia kwenye joto, huyo ni wa kukimbizwa hospitali huku mkimpooza kwa maji na kumpepea.

Wale wenzetu wa Kihonda walikaa chini na karatasi. Waliandika bei ya kiyoyozi, ya kukifunga, na ya umeme wa miezi sita. Upande wa pili wakaandika dari ya chumba kimoja tu, wavu na nondo za madirisha mawili. Upande wa pili ukawa mdogo, hata mkopo wa SACCOS ukapungua. Waliweka dari ya chumba cha kulala, sebule bado inaangalia bati. Baba amerudi chumbani. Nilipomuuliza mama kama sasa wanalala vizuri, alisema mtoto analala, ila baba watoto ameanza kulalamika kwamba alfajiri anavutwa shuka.

Basi, wapenzi wasomaji, wikiendi hii kabla hamjaingia dukani, simameni wawili katikati ya chumba saa tisa alasiri. Inueni mkono mmoja juu, msikie joto linatoka wapi. Gusani ukuta wa magharibi, angalieni dirisha lipi limezibwa na kabati. Andikeni kila mmoja mambo matatu, kisha mpange kuanzia la bei ndogo. Tukutane mwezi ujao, panapo majaliwa.